Kura 41 zilizoshinda kura 59: ubishani wa kuzuia majaji katika Seneti ya Marekani

Swali la msomaji: Nasoma sheria, mwaka wa pili, na nimepewa insha kuhusu namna majaji wa shirikisho wanavyopatikana Marekani. Katiba yao haitaji kura 60 popote. Ilikuwaje basi maseneta 41 kati ya 100 waweze kumkwamisha mtu ambaye Rais amemteua na wengi wanamtaka? Katika ule ubishani nani alikuwa na hoja ya kisheria? Na mbinu hiyo bado ipo?

Jibu: Ndugu msomaji, mbinu unayoiulizia inaitwa filibasta, yaani kuuacha mjadala uendelee bila kikomo, na haikuwa kura ya kumkataa jaji. Ilikuwa njia ya kuhakikisha kura ya kumkubali au kumkataa haipigwi kabisa. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili. Robert Bork, mteule wa Mahakama ya Juu, kwa mfano, alikataliwa mwaka 1987 kwa kura 42 dhidi ya 58. Alipigiwa kura akashindwa, hakuna filibasta hapo. Miguel Estrada naye aliungwa mkono na maseneta wengi miaka 16 baadaye, lakini kura yake ya mwisho haikufika.

Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inampa Rais mamlaka ya kuteua majaji kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, na haiongezi neno. Pale ambapo waandishi wake walitaka wingi maalumu walisema wazi: theluthi mbili kuridhia mkataba, theluthi mbili kumtia hatiani kiongozi aliyeshtakiwa, theluthi mbili kumfukuza mjumbe, theluthi mbili kuipindua kura ya turufu ya Rais. Kwa majaji hawakutaja hesabu yoyote, na Seneti siku zote imewathibitisha kwa wingi wa kawaida. Clarence Thomas aliingia Mahakama ya Juu mwaka 1991 kwa kura 52 dhidi ya 48, na hakuna aliyedai hazikutosha.

Namba 60 imetoka kwenye Ibara ya Kwanza, fungu la tano, linaloruhusu kila chumba cha Kongresi kijitungie kanuni za kuendesha shughuli zake. Seneti ilitumia ruhusa hiyo kwa namna ya ajabu. Mwaka 1806, katika kusafisha kanuni zake, iliifuta hoja iliyoweza kutumiwa na wengi kukata mjadala na kwenda kwenye kura. Haikuonekana kubwa wakati ule, kwa kuwa hoja hiyo ilikuwa haitumiki sana. Matokeo yake yalikuja kuonekana taratibu: seneta aliyepewa nafasi ya kuzungumza hakuwa na wa kumkalisha. Wewe umezoea Bunge la Dodoma, ambako dakika za mchangiaji zikiisha kengele inalia, anamalizia "naunga mkono hoja" na kukaa. Seneti ya Marekani haikuwa na kengele hiyo.

Mwaka 1917, baada ya maseneta wachache kuukwamisha muswada wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa silaha meli za biashara, ilitungwa sehemu ya Kanuni ya 22 inayoruhusu hoja ya kufunga mjadala. Kizingiti kilikuwa theluthi mbili ya waliopo na kupiga kura. Kanuni hiyo ilihusu miswada tu. Uteuzi haukuguswa hadi mwaka 1949, Seneti ilipoipanua ihusu jambo lolote lililo mbele yake na wakati huohuo ikapandisha kizingiti hadi theluthi mbili ya maseneta wote. Mwaka 1959 kikarudishwa kwa waliopo ukumbini.

Badiliko la mwaka 1975 ndilo lililozaa ubishani unaouulizia, kwa hiyo litazame vizuri. Kizingiti kilishushwa kutoka theluthi mbili hadi sehemu tatu kati ya tano, na wengi wakashangilia kwamba filibasta imepunguzwa makali. Kumbe palikuwa na badiliko jingine ndani ya sentensi ileile: hesabu haikuwa tena ya waliopo na kupiga kura, ilikuwa ya maseneta wote walioapishwa. Viti vikiwa vyote vimejaa, hiyo ni 60 kamili, haijalishi ukumbini wako wangapi. Ukipata kura 59 za ndiyo na sifuri za hapana, umeshindwa. Zamani upande uliotaka kuzuia ulilazimika kuleta watu wake ukumbini, kwa sababu kila aliyekosekana alimshushia mpinzani kizingiti. Baada ya 1975 mzuiaji anaweza kulala nyumbani, na mzigo wote wa kukesha unakuwa wa wengi. Ongeza na utaratibu uliozoeleka tangu miaka ya 1970 wa kuweka jambo lililozuiwa pembeni na kuendelea na mengine, utaona kwa nini majaji wengi walizuiwa bila mtu hata mmoja kusimama usiku kucha akihutubia viti vitupu.

Hatua zenyewe ni hizi. Maseneta 16 wanatia saini hoja ya kufunga mjadala juu ya mteule fulani. Hoja ikiwasilishwa Jumatatu, Jumanne inapita, na kura inapigwa Jumatano, kwa kawaida saa moja baada ya kikao kuanza na akidi kuthibitishwa. Kizingiti kikifikiwa, mjadala haufungwi palepale: zinabaki hadi saa 30 za kujadili, na kila seneta ana haki ya saa moja ndani yake. Zikiisha ndipo inakuja kura ya mwisho, na hiyo siku zote ilihitaji wingi wa kawaida. Kwa hiyo kila jaji alikuwa na milango miwili, na ubishani wote ulihusu upana wa mlango wa kwanza.

Mteule wa kwanza kupigiwa kura ya kufunga mjadala alikuwa Abe Fortas, mwaka 1968. Alikuwa tayari ni jaji wa Mahakama ya Juu, na Rais Lyndon Johnson alitaka kumpandisha awe Jaji Mkuu baada ya Earl Warren. Warepublican, wakiongozwa na Robert Griffin wa Michigan, pamoja na Wademokrati wa kusini, walimpinga kwa sababu ya ukaribu wake na Ikulu, maamuzi ya mahakama ya Warren, na malipo ya dola 15,000 aliyopokea kwa kufundisha semina chuoni, fedha zilizochangwa na wafanyabiashara. Tarehe 1 Oktoba 1968 hoja ya kufunga mjadala ilipata 45 dhidi ya 43, wakati zilihitajika 59. Fortas aliomba jina lake liondolewe. Hadi leo watu wanagombania maana ya tukio hili. Wapo wanaosema ni ushahidi kwamba filibasta dhidi ya majaji ina mizizi ya zamani. Wengine wanajibu kwamba kwa kura 45 haijulikani kama Fortas alikuwa na wengi hata huo mlango wa kwanza ungefunguka. Mimi naona jibu la pili lina nguvu zaidi: katika insha yako usimtumie Fortas kama mfano safi wa mteule mwenye wengi aliyezuiwa na wachache.

Mfano safi ni wa miaka ya George W. Bush. Baada ya uchaguzi wa 2002 Warepublican walikuwa na wengi wembamba, na Wademokrati wakaamua kuwazuia wateule kadhaa wa mahakama za rufani waliowaona wana misimamo mikali. Estrada, mzaliwa wa Honduras, aliteuliwa Mei 2001 kwenda Mahakama ya Rufani ya Washington, ngazi ambayo majaji wengi wa Mahakama ya Juu wameipitia. Hoja ya kufunga mjadala juu yake ilipigiwa kura mara saba mwaka 2003, na zote zilikwama chini ya 60 ingawa alikuwa na wengi. Septemba mwaka huo akajitoa. Kwa jumla walizuiwa kwa njia hiyo wateule 10 wa rufani, wakiwemo Priscilla Owen, Janice Rogers Brown, William Pryor na Charles Pickering. Wawili hao wa mwisho Bush aliwapitisha dirishani mapema 2004, kwa uteuzi wa muda unaoruhusiwa Seneti ikiwa mapumzikoni. Jaji wa namna hiyo hana ajira ya maisha, na Pickering aliondoka kabla mwaka huo haujaisha.

Uchaguzi wa 2004 uliwapa Warepublican viti 55. Kiongozi wao Bill Frist akatishia kutumia kile ambacho wapinzani, na hatimaye kila mtu, walikiita silaha ya nyuklia: kushusha kizingiti kwa majaji kwa uamuzi wa kiti, yaani wa anayeongoza kikao, unaoungwa mkono na wingi wa kawaida, badala ya kurekebisha maandishi ya kanuni, ambako kufunga mjadala kunahitaji theluthi mbili ya waliopo. Tarehe 23 Mei 2005, saa chache kabla ya mpambano, maseneta 14, saba kutoka kila chama, walitangaza makubaliano yao. John McCain na Ben Nelson walikuwa miongoni mwao, pamoja na mzee Robert Byrd.

Hesabu yao inastahili kufuatwa kwa kalamu. Frist alihitaji kura 50 na ile ya Makamu wa Rais Dick Cheney, hivyo angeweza kumudu kupoteza watu watano. Saba wakiondoka anabaki na 48, silaha haifyatuki. Upande wa pili, wazuiaji walikuwa 45 na walihitaji 41. Saba wakiondoka wanabaki 38, filibasta haisimami. Kundi moja dogo liliwanyang'anya wote wawili silaha kwa wakati mmoja. Masharti yao: Owen, Brown na Pryor wapigiwe kura, na kweli walithibitishwa kati ya Mei na Juni. Kwa William Myers na Henry Saad hawakuahidi lolote, na hao hawakufika. Kwa wajao, filibasta itumike tu katika "hali zisizo za kawaida", kila mmoja akijipimia mwenyewe nini si cha kawaida. Kipimo kisicho na mizani, lakini kilitosha kwa muda. Januari 2006 John Kerry alipojaribu kumzuia Samuel Alito, kura ya kufunga mjadala ilipita kwa 72 dhidi ya 25, na Alito akathibitishwa kwa 58 dhidi ya 42. Linganisha namba hizo mbili: 42 waliompinga wangetosha kumzuia, ila wengi wao hawakutaka kutumia njia ile.

Kisha meza ikageuka. Chini ya Obama, Warepublican wakawa ndio wazuiaji. Mei 2011 Goodwin Liu, mteule wa mahakama ya rufani, alikwama kwa 52 dhidi ya 43, akajitoa na kwenda kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la California. Caitlin Halligan alikwama mara mbili, 2011 na 2013. Katika vuli ya 2013 walikwama watatu mfululizo: Patricia Millett, Cornelia Pillard na Robert Wilkins, wote wa Mahakama ya Rufani ya Washington. Safari hii hoja haikuwa misimamo yao. Warepublican walisema mahakama ile yenye viti 11 haina kazi ya kutosha, na kwamba viti vitatu vilivyo wazi vipunguzwe. Mahakama hiyo ndiyo inayosikiliza kesi nyingi zaidi dhidi ya wizara na mamlaka za serikali kuu, kwa hiyo Wademokrati waliona hapo jaribio la kumnyima Rais haki ya kujaza nafasi, si upinzani dhidi ya mtu.

Tarehe 21 Novemba 2013 Harry Reid, kiongozi wa Wademokrati waliokuwa wengi, akaifyatua silaha ile ya nyuklia. Wakati wa kura ya kwanza ya Millett, mwishoni mwa Oktoba, Reid mwenyewe alipiga kura ya hapana ingawa alimtaka. Kanuni inampa haki ya kuomba kura irudiwe yule tu aliyekuwa upande ulioshinda, kwa hiyo kiongozi anayejua atarudi hujihesabu na washindi. Siku ile aliomba kura irudiwe, kisha akatoa hoja ya utaratibu kwamba kufunga mjadala juu ya uteuzi wote, isipokuwa wa Mahakama ya Juu, kunahitaji wingi wa kawaida. Patrick Leahy aliyekuwa kitini alikataa, kwa kuwa maandishi ya Kanuni ya 22 yanasema tatu kati ya tano bila kigugumizi. Reid akakata rufaa kwa Seneti nzima. Swali likawa: uamuzi wa kiti usimame? Waliosema usimame 48, waliosema usisimame 52. Rufaa ya namna hiyo, ikitolewa wakati jambo lililo mezani lenyewe halijadiliwi, nayo haijadiliwi, hivyo haiwezi kuwekewa filibasta. Huo ndio ufunguo wa mbinu yote. Wademokrati watatu, Carl Levin, Joe Manchin na Mark Pryor, walipinga. Ndani ya muda mfupi Millett alifungiwa mjadala kwa 55 dhidi ya 43.

Angalia kilichotokea hapo: kiti kilisoma kanuni sawasawa, na Seneti ikaamua kwa kura kwamba kusoma sawasawa si sahihi. Maandishi hayakuguswa. Ukiifungua Kanuni ya 22 leo utakuta tatu kati ya tano imekaa palepale, na anayeisoma bila kujua maamuzi ya kiti ya mwaka 2013 na 2017 atatoka na jibu lisilo sahihi. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa.

Mwaka 2017 ulikuwa marudio. Wademokrati, wakiwa na uchungu wa Merrick Garland, mteule wa Obama wa Mahakama ya Juu ambaye Warepublican hawakumpa nafasi ya kupigiwa kura, walimzuia Neil Gorsuch tarehe 6 Aprili: 55 dhidi ya 45, pungufu ya 60. Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi, kama Reid, alikuwa amepiga hapana kwa makusudi. Akatoa hoja kwamba uamuzi wa 2013 uhusu na Mahakama ya Juu, kiti kikakataa, akakata rufaa, na kiti kikapinduliwa kwa kura zilezile: 48 wakikiunga mkono, 52 wakikipinga. Kesho yake Gorsuch alithibitishwa kwa 54 dhidi ya 45. Tangu hapo Brett Kavanaugh aliingia kwa 50 dhidi ya 48, Amy Coney Barrett kwa 52 dhidi ya 48, na Ketanji Brown Jackson kwa 53 dhidi ya 47. Chini ya kizingiti cha zamani, kwa mgawanyiko huohuo, yeyote kati yao angeweza kuzuiwa.

Sasa sheria. Waliosema filibasta dhidi ya majaji ilivunja Katiba walikuwa na hoja mbili. Kwanza, Katiba imeorodhesha mambo yanayotaka wingi maalumu, na jambo lisilotajwa linaachiwa wingi wa kawaida. Pili, Rais ana haki ya kupata jibu, liwe ndiyo au hapana. Hoja ya kwanza ina mvuto, lakini inakwama mahali pamoja: ikiwa ni kweli kwa majaji, kwa nini si kweli kwa miswada? Katiba haitaji kura 60 kwa miswada pia. Wachache walikuwa tayari kufika huko, kwa hiyo wakajaribu kutenganisha mambo hayo mawili kwa kusema uteuzi ni mamlaka ya Rais na sheria ni mamlaka ya Kongresi yenyewe. Ni utofautishaji wa kutafutwa, ila si wa kuchekwa. Hoja ya pili ni dhaifu zaidi. Hakuna popote Katiba inapoilazimisha Seneti kupiga kura, na kamati zimekuwa zikiwazika wateule kimyakimya kwa muda mrefu. Richard Paez, mteule wa Clinton, alisubiri zaidi ya miaka minne hadi Machi 2000.

Watetezi wa filibasta walisema Seneti inajitungia kanuni, kwisha. Katika kesi ya Ballin ya mwaka 1892 Mahakama ya Juu ilisema mamlaka hayo ni mapana na ya kudumu, ila kanuni haiwezi kupuuza mipaka ya Katiba. Pande zote mbili zinaipenda kesi hiyo, kila mmoja akinukuu nusu inayomfaa. Majaribio ya kuifikisha filibasta mahakamani hayakufika kwenye kiini, kwa kuwa walalamikaji walionekana hawana haki ya kushtaki. Kwa hiyo swali lako la nani alikuwa na hoja ya kisheria halijawahi kujibiwa na jaji, na kwa maoni yangu halitajibiwa. Kisheria Seneti ingeweza kuwa nayo, na ingeweza kuifuta.

Hoja iliyokuwa na uzito wa kweli haikuwa ya kikatiba. Muswada mbaya unaweza kufutwa na Kongresi ijayo, waziri mbaya anaondoka na Rais wake. Jaji wa shirikisho anakaa maisha yake yote maadamu ana mwenendo mwema. Kama kuna uteuzi unaostahili kuridhiwa na zaidi ya chama kimoja, ni huo. Ajabu ni kwamba majaji waliondolewa kwenye kinga hiyo kabla ya miswada, ambayo mpaka sasa inahitaji 60. Sababu ni ya kisiasa: jaji mmoja aliyezuiwa ana sura, jina na wafuasi wenye hasira, na kizingiti chake kinaweza kushushwa bila kuwapa wengi wa kesho mamlaka ya kubadili sheria za kodi na uhamiaji.

Na wahusika? Mkuki kwa nguruwe. Reid aliyefyatua 2013 ndiye aliyeongoza upinzani dhidi ya silaha hiyohiyo 2005. McConnell aliyelalamika 2013 aliitetea 2005 na kuitumia 2017. Obama akiwa seneta alipiga kura ya kutofunga mjadala wa Alito, akiwa Rais akaunga mkono uamuzi wa Reid. Orrin Hatch wa Utah, aliyekuwa amesema kuzuia majaji kwa filibasta ni kinyume cha Katiba, alipofika kwa Liu mwaka 2011 alijiandikisha tu kuwa yupo, hakusema ndiyo wala hapana. Kwa kanuni ya walioapishwa, kutosema kitu kulikuwa na athari sawa na hapana.

Je, mbinu hiyo bado ipo? Kwa majaji, hapana. Wingi wa kawaida unafunga mjadala, na 50 kwa 50 Makamu wa Rais anaamua. Kilichobaki ni muda. Hadi 2019 hata jaji wa mahakama ya wilaya, ngazi ya chini kabisa ya majaji hao wa maisha, angeweza kudaiwa saa 30 baada ya mjadala kufungwa. Nafasi 50 zilikuwa saa 1,500, na Seneti hukaa siku chache kwa wiki. Aprili 2019 McConnell, kwa njia ileile ya kukipindua kiti, alizishusha hadi saa 2 kwa majaji wa wilaya. Saa 1,500 zikawa 100. Majaji wa rufani na wa Mahakama ya Juu wamebaki na 30. Trump alipata majaji 234 katika muhula wake wa kwanza, Biden akapata 235, na sehemu kubwa ya kasi hiyo imetokana na mabadiliko haya mawili, kizingiti na saa.

Nguvu ya kuzuia imehamia sehemu mbili. Moja ni karatasi ya bluu, desturi ya Kamati ya Mahakama ya Seneti ya kuwauliza maseneta wawili wa jimbo husika maoni yao kabla ya kumsikiliza mteule. Kwa mahakama za rufani iliachwa kuheshimiwa wakati wa muhula wa kwanza wa Trump. Kwa mahakama za wilaya bado inauma: seneta mmoja asiporudisha karatasi, mteule anakwama, na hapo huhitaji 41. Mwaka 2025 Trump alimshinikiza hadharani mwenyekiti wa kamati hiyo, Chuck Grassley wa chama chake mwenyewe, aifute. Grassley aliikatalia. Sehemu ya pili ni mamlaka ya wengi ya kutopanga kitu. Garland aliteuliwa Machi 2016, hakupewa hata kikao cha kamati, na uteuzi wake ukafa Januari 2017. Wengi huandika kwamba alifanyiwa filibasta. Hakufanyiwa. Filibasta ni ya wachache, na waliomzuia Garland walikuwa wengi.

Ukitaka kipengele cha kulinganisha na huku kwetu, usichukue Tanzania, kwa kuwa majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Bunge halipigi kura. Chukua Kenya, kwa nafasi ya Jaji Mkuu na naibu wake: tume inapendekeza, Bunge la Taifa linaidhinisha, Rais anateua. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia idhini ya Bunge kwa uteuzi wa umma inaweka muda, na muda ukipita bila Bunge kukubali wala kukataa, mteule huhesabiwa ameidhinishwa. Kimya cha Nairobi ni ndiyo. Kimya cha Washington ni hapana, na wala hakihitaji sababu: uteuzi ambao haujaamuliwa hurudishwa kwa Rais kikao cha Kongresi kikifungwa. Filibasta isingeweza kuota kwenye udongo wa Kenya hata kama hakuna ukomo wa dakika za kuzungumza.

Jambo moja la takwimu kabla hujaandika. Utakutana na majedwali ya kura za kufunga mjadala juu ya majaji, na utaona zimepaa sana baada ya 2013. Usihitimishe kwamba filibasta ziliongezeka. Kabla ya hapo, majaji wengi walipita kwa ridhaa ya wote, bila hoja yoyote ya kufunga mjadala kuwasilishwa. Kizingiti kiliposhuka, wachache waliacha kutoa ridhaa hiyo, na kiongozi wa wengi akawa anawasilisha hoja kwa karibu kila mteule, hata anayejua atapita kwa kura 80. Idadi ya hoja kwa miaka ya karibuni inapima ukosefu wa ushirikiano na saa zilizotumika. Ukitaka kuhesabu majaji waliozuiwa kweli, tafuta kura ya kufunga mjadala iliyoshindwa, kisha uangalie kama mteule huyo aliwahi kuthibitishwa baadaye.